Nimepata masters ya umeme chuo cha teknolojia Ujerumani. Mliosoma huko, semista ya kwanza ikoje?

Nuru_ya_Waya

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo imebidi niulize. Nimepata barua ya udahili wa masters ya uhandisi wa umeme kwenye chuo cha teknolojia Ujerumani. Programu inafundishwa kwa Kiingereza, inaanza Oktoba. Nina miaka 28. Shahada ya kwanza nilimaliza miaka minne iliyopita, na tangu hapo niko kazini, nasimamia mafundi wanaofunga paneli za sola. Kazi naipenda, lakini hesabu za darasani sijazigusa muda wote huo.

Mambo ya visa na ile akaunti ya kuzuiliwa (ile unayoweka fedha ya mwaka mzima, halafu inakutolea kidogo kidogo kila mwezi) nimeshayasoma sana. Fedha ya mwaka wa kwanza ipo, nusu ni akiba yangu na nusu ndugu wamenijazia. Ninachokosa ni mtu wa kuniambia ukweli wa darasani. Kila ninayemuuliza ananijibu "Ujerumani masomo ni magumu" halafu anaishia hapo. Magumu kivipi? Mada ni nzito? Wahadhiri ni wakali? Au ni lugha? Kijerumani changu ni A1 tu, yaani ngazi ya kwanza kabisa.

Na swali la pili: nikianza kibarua semista ya kwanza ili niwarudishie ndugu fedha yao mapema, nitakuwa nimefanya vizuri au nitajiharibia? Nauliza kwa moyo mmoja kabisa, watu wamejinyima kwa ajili yangu na sitaki kurudi mikono mitupu.

---

Koili

Hongera dada. Ya darasani watakujibu wengine, mimi nina mawili ya nje ya darasa kwa sababu ndiyo yaliyoniumiza.

Bima. Una miaka 28, kwa hiyo hili linakuhusu moja kwa moja. Bima ya afya ya umma kwa bei ya mwanafunzi inakupokea mpaka utimize miaka 30. Mimi nilifika nikiwa na 28 kama wewe, kampuni moja binafsi ikanipa bei ndogo kwa mwezi, nikasaini, nikachukua na barua ya kusamehewa bima ya umma ili chuo kiniandikishe. Hakuna aliyeniambia kwamba msamaha ule ukishauchukua hautenguki mpaka umalize masomo. Mwaka wa pili goti lilinisumbua, kampuni ikasema tatizo lilikuwepo kabla, nikalipa mwenyewe. Ingia bima ya umma tangu siku ya kwanza hata kama inaonekana ghali.

La pili litaonekana dogo: jina lako kwenye sanduku la barua. Kule mambo yanakuja kwa posta. Kadi ya benki inakuja kwenye bahasha yake, namba ya siri inakuja kwenye bahasha nyingine siku nyingine, kadi ya bima nayo, namba ya kodi nayo. Mtu wa posta haangalii namba ya chumba, anaangalia jina. Asipoliona, bahasha inarudi ilikotoka. Bandika jina siku ileile unayokabidhiwa ufunguo, kabla hujafungua begi. Na ndani ya wiki mbili uwe umekwenda ofisi ya mji kuandikisha anwani, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila karatasi hiyo watakurudisha.

---

FundiMzunguko

Dada Nuru, hongera sana, na pole kwa majibu ya "magumu" yasiyo na maelezo. Nilianza masters ya umeme huko Oktoba 2022, nikakabidhi tasnifu mwanzoni mwa 2025, semista tano badala ya nne. Nitakujibu lile la darasani peke yake, na nitakuwa mrefu, kwa sababu ndilo ambalo mimi sikuambiwa na lilibaki kidogo linirudishe nyumbani.

Ugumu wenyewe ni kwamba hakuna anayekuuliza. Mahudhurio hayachukuliwi. Kosiweki kwenye masomo mengi hakuna. Mhadhiri anaingia dakika 15 baada ya saa iliyoandikwa kwenye ratiba (saa nne maana yake saa nne na robo, labda ratiba iseme vingine), anafundisha dakika 90, wanafunzi wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, hayo ndiyo makofi yao, wote wanatoka. Wiki inayofuata hivyohivyo. Mpaka Februari. Hapo unaingia mtihani, na alama yote ya somo, yote kabisa, inatoka kwenye karatasi moja ya dakika 90 au 120.

Sisi tuliozoea kubebwa na kosiweki, miezi ile minne inatudanganya. Unahudhuria, unafuata anachoandika, unatikisa kichwa. Unaona unaelewa. Na kweli unaelewa, ila kuelewa mtu akikokotoa na kukokotoa mwenyewe saa inakwenda ni vitu viwili.

Kila somo lina pointi, na pointi moja kwa hesabu ya Wajerumani ni saa 30 za kazi. Semista nzima ni pointi 30. Zidisha: saa 900. Ukijumlisha mihadhara yote na vipindi vya mazoezi hufiki nusu yake. Zilizobaki ni wewe na karatasi mezani, na hakuna mtu atakayejua kama ulizitumia au la, mpaka Februari.

Alama zao zimegeuzwa: 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 ni ya kupona, 5.0 umeanguka. Vyuo vingi vinakupa nafasi tatu kwa kila somo. Ukianguka ya tatu kwenye somo la lazima umedisko, na kwa kawaida fani hiyo hiyo hutaisoma tena kwenye chuo kingine cha Ujerumani. Soma kanuni za mitihani za programu yako wewe mwenyewe, usitegemee maneno ya mtu, hata yangu. Kila programu ina zake na ziko kwenye tovuti ya kitivo.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Somo lilikuwa udhibiti wa mifumo. Sikukosa mhadhara hata mmoja. Matokeo yakatoka kwenye mtandao wa chuo mwezi Machi: 5.0. Nilifunga kompyuta nikalala saa kumi na moja jioni.

Huko una haki ya kuiona karatasi yako ikishasahihishwa. Wanatangaza siku na chumba, na ukikosa siku hiyo basi. Wengi walioanguka hawaendi, wanaona aibu kukaa mbele ya makosa yao. Nami nilitaka nisiende. Nikaenda. Chumba kidogo, meza zimeachanishwa, begi na simu unaacha ukutani. Msaidizi wa mhadhiri kakaa mbele na rundo la karatasi. Nikapewa yangu na dakika 20.

Swali la kwanza lilikuwa mchoro wa Bode, ule unaoonyesha mfumo unavyojibu masafa tofauti. Nilikuwa nimepata alama zote. Kurasa tatu, safi, nimekokotoa feizi kwa kalkuleta masafa moja baada ya jingine, nukta kumi na mbili, nikaziunganisha kwa mkono taratibu. La pili sahihi. La tatu nusu. La nne na la tano kweupe. Juu ya ule ukurasa mweupe wa swali la nne kuna sifuri moja ndogo ya wino mwekundu. Nilibaki naiangalia, kwa sababu swali lenyewe nalijua. Lilitaka geni (kiasi cha kukuza ishara) ya kufanya mfumo uwe tulivu na akiba ya feizi, yaani nafasi iliyobaki kabla mfumo haujayumba, ya digrii 60. Nililifanya zaidi ya mara tano chumbani kwangu. Siku ya mtihani sikulifikia.

Nikamwita msaidizi, nikamuuliza swali la kwanza lilitakiwa lichukue muda gani. Hakujibu kwa mdomo. Akachukua rula na penseli, kwenye karatasi ya pembeni akapiga mstari wa kulala, akafika masafa ya kwanza ya kuvunjika akashusha mstari kwa desibeli 20 kila dekadi, akafika ya pili akashusha kwa 40, akaweka rula chini. Dakika mbili hazijaisha. Kisha akanionyesha kwa ncha ya penseli neno la kwanza la swali. Lilikuwa neno la kuchora kwa kukadiria. Mimi nilichora kama ramani ya kiwanja. Akaniuliza kama nimewahi kufanya mtihani wa mwaka wa nyuma huku saa ikihesabu. Sikuwa nimefanya hata mmoja. Wala sikujua inapopatikana.

Inapatikana kwa chama cha wanafunzi wa kitivo, wao wanakiita Fachschaft. Kila kitivo kinacho. Wana chumba chao, wana mitihani ya miaka mingi iliyopangwa kwa jina la somo, wengine wameiweka kwenye mtandao wa ndani wa chuo. Ni halali kabisa, kila Mjerumani darasani kwako anazo tangu Novemba. Sisi wageni ndio tunaokaa mbali na kile chumba kwa kudhani ni cha wenyewe.

Aprili nilianza upya. Nikajiunga na wenzangu wawili walioanguka kama mimi, mmoja Mkolombia, mwingine Mwindonesia. Jumanne na Alhamisi, chumba cha vikundi cha maktaba, kile chenye ubao mweupe. Wiki sita za mwisho tulikuwa tunafanya mtihani mzima wa zamani kila Jumamosi asubuhi, dakika 90 kwenye simu, karatasi moja ya A4 ya maelezo iliyoandikwa kwa mkono kama kanuni inavyoruhusu, hakuna kusemeshana. Baadaye tunabadilishana karatasi tunasahihishana. Ile A4 yangu niliiandika upya mara nne mpaka ikawa na vitu ninavyovisahau tu, na vile ninavyovijua nikavifuta. Agosti nikarudia, nikapata 2.3.

Kwa hiyo kama unahofia miaka minne nje ya darasa itakuangusha: sioni hivyo. Nilisoma na mama mmoja aliyetoka kazini miaka tisa na alimaliza kabla yangu, kwa sababu alijua kugawa muda. Kabla ya Oktoba rudia mageuzi ya Laplace na Fourier, aljebra ya matriki, na milinganyo ya difrenshali, basi. Ukikaa nayo saa moja kila siku tangu sasa utaingia ukiwa sawa na wengine. Na wewe umeona inveta ikifanya kazi kwa macho yako, wengi wao wameiona kwenye slaidi.

Kijerumani: mtihani wako utakuwa wa Kiingereza, lakini mazoezi mengi mazuri na mitihani ya zamani ni ya Kijerumani. Hesabu ni ileile. Jifunze maneno kama thelathini ya kuamrisha, kokotoa, chora, thibitisha, toa sababu, utayasoma bila shida. Ukifika ingia kozi ya kituo cha lugha cha chuo semista ya kwanza, kabla ratiba haijajaa. Nafasi zinaisha haraka sana.

Jingine, nisisahau: kujiandikisha somo na kujiandikisha mtihani ni vitu viwili tofauti. Mtihani una tarehe yake ya mwisho, mara nyingi wiki nyingi kabla. Ikikupita, hufanyi hata kama umeiva. Na kama umejiandikisha ukaona hujaiva, vyuo vingi vinakuacha ujitoe kabla ya tarehe fulani bila kuhesabiwa nafasi. Ziandike tarehe zote mbili ukutani.

---

Ekseli_Mbili

Mkuu FundiMzunguko umemaliza darasani. Mimi niongezee la kibarua.

Dada, sheria iko upande wako: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi ya msaidizi ndani ya chuo, wanaiita Hiwi, haiingii kwenye hesabu hiyo. Wakati wa masomo usizidishe saa 20 kwa wiki, ukizidisha unaanza kukatwa makato ya bima kama mfanyakazi wa kawaida.

Ila ruhusa ya sheria na nguvu za mwili havilingani. Mimi nilianza ghala la vifurushi wiki ya tatu, zamu ya usiku, siku tatu kwa wiki. Fedha ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia na niliituma yote. Februari nilifanya mitihani miwili kati ya mitano. Ile mitatu niliyoahirisha ilinisukuma semista nzima mbele, na semista moja ya kuishi kule ni karibu euro 6,000. Nilichokipata ghalani hakikufika hapo. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi na haibadiliki.

Acha semista ya kwanza bila kazi. Ya pili tafuta Hiwi, hata ya saa nane kwa wiki. Unasahihisha mazoezi ya shahada ya kwanza au unasaidia maabara, ofisi iko jengo lilelile unalosomea, na profesa anakufahamu kwa jina wakati wa kutafuta tasnifu ukifika. Tangazo mara nyingine linabandikwa kwenye mlango wa idara kabla ya kufika mtandaoni, kwa hiyo pita ukisoma milango.

Halafu hakikisha jambo moja. Ile akaunti ya kuzuiliwa, euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, inakutolea 992 kwa mwezi. Hiyo ni ya kulala, kula na bima. Ada haimo. Majimbo mengi hayatozi ada, ila Baden-Württemberg (Karlsruhe, Stuttgart) wanatoza euro 1,500 kwa semista kwa sisi wa nje ya Ulaya tangu 2017, na TU München (chuo cha teknolojia cha Munich) nao wameanza semista ya baridi ya 2024/25, kwa masters ni 4,000 au 6,000 kwa semista kutegemea programu. Angalia barua yako ya udahili inasemaje.

---

Nuru_ya_Waya

Kaka zangu, na wewe Koili, sijui niwashukuru vipi. Nimechapisha majibu yenu nimeyaweka kwenye faili la safari. Barua nimeisoma tena usiku huu: jimbo langu halitozi ada, ni mchango wa semista tu. Kibarua nimekiacha, ndugu nimeshawaambia leo kwamba wasitarajie kitu mpaka mwaka wa pili, na wameelewa kuliko nilivyodhani. Mlezi wangu alisema tu "soma kwanza".

Kaka FundiMzunguko, limebaki hili. Umesema kikundi ndicho kilichokuinua. Mimi si mtu wa kuanza mazungumzo na nisiowajua, na nasikia Wajerumani wanakaa na wale waliosoma nao shahada ya kwanza. Nyinyi watatu mlikutanaje? Na mtu akiugua siku ya mtihani inakuwaje?

---

FundiMzunguko

La kuugua kwanza, ni fupi. Nenda kwa daktari siku ileile, chukua cheti, kipeleke ofisi ya mitihani ndani ya siku zilizowekwa. Kwa kawaida nafasi haihesabiwi. Kosa ni kuingia ukiwa na homa kwa kujikaza. Ukishakaa na kupokea karatasi, kujinasua ni kazi.

La kikundi. Ni kweli wengi wanakuja na wenzao wa zamani. Usilichukulie moyoni, siyo kwamba hawakutaki. Mhadharani hutampata mtu, kuna vichwa mia mbili na kila mmoja anakimbilia kipindi kingine. Mahali pake ni kipindi cha mazoezi, watu ishirini au thelathini, mnakokotoa pale pale na msaidizi anazunguka. Mimi nilikaa meza moja na Mkolombia wiki tatu bila neno. Wiki ya nne swali la tatu lilikuwa limenishinda, nikasogeza daftari langu kwake nikamuuliza, "Wewe namba tatu umepata ngapi?" Akageuza lake nikaliona. Naye alikuwa ameishia mstari uleule niliokwama mimi. Tukaenda kumuuliza msaidizi pamoja. Mwindonesia alituongeza yeye mwenyewe, alitukuta maktabani tukibishana juu ya alama ya kutoa, akasema tumekosea wote wawili. Alikuwa sahihi.

Kwa hiyo huhitaji kuwa mzungumzaji. Kaa mstari wa mbele kwenye kipindi cha mazoezi, kiti kilekile kila wiki, uwe umejaribu maswali kabla ya kuingia ili uwe na kitu cha kuuliza. Anayekuja na daftari lililoandikwa anatafutwa.

Ukishapewa orodha ya masomo ya lazima, ilete hapa. Udhibiti wa mifumo ukiwemo, ninazo karatasi zangu zote za Jumamosi zile, na ule mchoro wa msaidizi nilichora upya jioni ileile nilipofika chumbani, pamoja na dakika zilizotumika. Nitapiga picha nikutumie.